Mashine Mbili za Gitaa na Dele la Tatu

Kijiweni kwa Aidarus, pale kichochoro kinapotokea Ndia Kuu, kuna ada moja: mwenye shauri ndiye anunuaye dele la kahawa. Ukija na jambo linalokuumiza kichwa, karibu, keti, utashauriwa hata usiyoyauliza. Lakini kahawa ya wote ni juu yako, na dele likikauka maneno yamekwisha, uamue, uondoke. Jumamosi hiyo mwenye shauri alikuwa Griffins, karani wa bandarini, mpiga gitaa la muziki wa bango katika maharusi. Saa nne ya asubuhi alikuwa yuko dele la pili, na huyo si Griffins tumjuaye. Griffins tumjuaye hunywa kikombe cha dele la mtu mwengine, akapangusa midomo, akaenda zake.

Katikati ya benchi aliweka mashine mbili, na watu wakaketi huku na huku kama wanaokesha na mgonjwa. Moja ilikuwa pana kama sinia la pilau, ina vitufe kumi na viwili vya kukanyagia. Ya pili ilikuwa ndogo, ungeitia katika kikapu cha sokoni na nafasi ya nyanya ikabaki. Kazi yao ni moja: wachomeka gitaa, na mashine yaiga sauti ya amplifaya yoyote uitakayo, ya zamani na ya kisasa, bila wewe kubeba amplifaya yenyewe mgongoni. Amplifaya ya Griffins ilikuwa imekufa, na kesho ana harusi Likoni. Joab wa Mwembe Tayari alimletea hizi mbili kutoka Nairobi, akamwambia achague moja. Nyengine yarudi na basi la saa nane.

Hayo ndiyo aliyowaambia. Aliyoyaficha ni haya: asubuhi ile, kwa Joab, alikuwa amezijaribu zote mbili. Joab alimwambia, "Mwenye masikio huona tofauti hapo hapo." Griffins akapiga hii, akapiga ile, akafumba macho, akarudia. Hakuona tofauti. Kwani Jumamosi iliyopita Truphosa, mwimbaji wao, alimgeukia katikati ya harusi akamwambia, "Gitaa lako lalia kama limo ndani ya pipa. Kwani husikii?" Na kweli hakusikia. Miaka ishirini amesimama chini ya makreni na matrekta ya bandarini akihesabu makontena. Mpiga gitaa asiye na masikio ni nini? Ndipo akazibeba mashine kuja nazo kijiweni, achaguliwe na wengine, asilazimike kusikiza tena.

— Kubwa, — alisema Ngumbao.

Ngumbao twamwita Winchi. Miaka thelathini aliendesha winchi bandarini, na mpaka leo hapimi kitu ila kwa tani.

— Karani, hebu nieleze. Kuna kontena la futi ishirini na kuna la arobaini. Ukipewa bure, wachukua lipi?

— Sipewi bure, mzee.

— Nimekuuliza wachukua lipi!

— La arobaini.

— Basi. Aidarus, nitilie kahawa.

— Usimsikize huyo, — alisema Zakariya. Huyu ndiye Injinia, fundi redio, duka lake liko nyuma ya benchi, na humo mna redio zilizoingia wenyewe wakiwa vijana. — Wahenga wamenena: kikulacho ki nguoni mwako. Maana yake kitu cha manufaa ni kile kiingiacho nguoni. Chukua ndogo.

Aidarus aliinua uso kutoka kwenye jiko lake la makaa.

— Zakariya, methali hiyo umeivisha kanzu ya mtu mwengine.

— Lakini imemkaa!

— Mwenda pole hajikwai, — Winchi akajibu mapigo. — Akibeba hii kubwa atakwenda polepole kwa uzito, na akienda polepole hatajikwaa pale Feri. Hiyo ndogo atakimbia nayo, mara chubwi! Yeye na harusi ya watu majini.

Griffins alicheka, kwa kuwa ilimbidi acheke.

— Sasa nikwambieni jambo ambalo hamulijui, — alisema Injinia, akashusha sauti. — Hiyo kubwa ina amplifaya mia nne ndani yake. Mia nne! Amplifaya moja hutoa joto, hilo kila mtu ajua. Sasa piga hesabu, mjini mna mashine hizi ngapi? Mwezi wa tatu mumelala nyinyi kwa joto lile? Mwasema jua. Si jua.

— Subhanallah, — alisema Aidarus, na haikujulikana kama ni kwa joto au kwa Injinia.

— Na ndogo je? — Winchi alisogea mbele. — Kazi ni ile ile, tumbo ni dogo. Nyimbo tatu tu, yatapika. Na sauti iliyotapikwa yaenda wapi? Yarudi kwenye waya, yaingia gitaani, yaingia mwilini mwa mpigaji. Ndiyo maana wapiga gitaa wengi ni wendawazimu.

— Mpiga gitaa gani mwendawazimu? — Griffins aliuliza.

— Nitajie asiye.

Griffins alifikiri kidogo. — Ongeza kahawa, Ami Aidarus.

Hilo likawa dele la tatu. Aidarus alilijaza, akalirudisha jikoni, akamgeukia Griffins.

— Bwana Griffins, Mungu akuweke. Nimeuza kahawa hapa tangu marehemu babangu. Wewe hutaki shauri. Wewe wataka kahawa isiishe.

— Nataka nichague vizuri tu, Ami.

— Haya.

Injinia hakuwa amemaliza, maana Injinia hamalizi.

— Tena tazameni hatari yenyewe. Leo mashine yaiga amplifaya. Kesho yaiga nini? Yamwiga mpigaji! Karani atafika harusini mlangoni wamwambie, "Ah, bwana, si umeshapiga, umeshakula, umeshaaga?" Kumbe ni mashine! Na ndiyo sababu nasema ndogo. Ndogo ikikuiga, itakuiga nusu.

— Nusu gani? — aliuliza Winchi, akiwa na wasiwasi wa kweli.

— Yategemea.

Walikwenda hivyo mpaka saa sita ikawa karibu ya kunusa. Winchi alithibitisha kwamba vitufe kumi na viwili ni miezi ya mwaka, kwa hiyo kubwa itadumu; Injinia akathibitisha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kwa hiyo kubwa itamwangukia mguuni. Kisha Aidarus aliinamisha dele juu ya kikombe cha Winchi. Likatoka tone moja.

— Limekauka, — alisema. — Ada ni ada.

Wote wakamgeukia Griffins. Alinyoosha mkono kwenye kubwa, akaurudisha. Akaunyoosha kwenye ndogo. Jasho lilimtoka, na kijiwe chote kiliona, kikadhani ni ile kahawa.

Hapo ndipo alipokuja Dzoro, hamali wa Marikiti, akiburura mkokoteni wa vitunguu vya hoteli. Aliuegesha ukutani, akaamkia wazee kwa adabu, akaomba kahawa.

— Imekwisha, — alisema Aidarus. — Kuna maji.

— Maji pia yateremka. — Alikunywa amesimama, macho kwenye benchi. — Na hivi ni vitu gani, wazee?

Injinia na Winchi walimweleza kwa pamoja, mmoja sikio la kulia, mmoja la kushoto. Dzoro alisikiza mpaka mwisho, akarudisha kikombe.

— Nimefahamu. Na ipi yalia vizuri?

Winchi alimtazama Injinia. Injinia alimtazama Aidarus. Aidarus akajishughulisha na makaa.

— Kwani hamujaziwasha? — Dzoro alishangaa. — Gitaa si hilo hapo chini ya benchi?

Lilikuwepo tangu asubuhi, katika mfuko wake, na Winchi alikuwa ameliwekea mguu.

Griffins alilivuta gitaa kutoka chini ya benchi. Akaona bora aseme, lije lijalo.

— Mimi nimeziwasha, — alisema. — Asubuhi, kwa Joab. Nimezisikiza zote mbili na sikuona tofauti. Joab asema mwenye masikio ataiona hapo hapo. Truphosa naye juzi aliniuliza kama sisikii. Wazee wangu, nadhani masikio yangu yameliwa na bandari. Naogopa. Ndiyo hivyo.

Hakuna aliyecheka. Winchi, ambaye sikio lake la kushoto huambiwa kila kitu mara mbili, alimshika goti.

— Mwanangu, — alisema. — Kwa nini ulinyamaza asubuhi nzima ukatuacha twaropoka?

— Mlikuwa mwafurahi, mzee.

— Fungua duka, Zakariya, — alisema Aidarus.

Injinia alitoa spika, akavuta waya mpaka mlango wa pili, kwenye duka la soda, maana stima ya kwake ina mambo yake. Dzoro akapewa kazi ya kuchomeka, kwa kuwa yeye peke yake hakuwa na upande. Wengine wote, Griffins mwenyewe na gitaa lake, wakaelekea ukutani, wasione ipi imechomekwa.

Griffins alipiga. Vidole vilikuwa vizito mwanzo, kisha vikapata njia.

— Arobaini hiyo! — Winchi alipiga kelele akiutazama ukuta. — Sikieni uzito!

— Ndogo hiyo, — alisema Injinia. — Sikieni ilivyo safi.

Mara ya pili, Winchi akaapa ni kubwa, Injinia akaapa ni ndogo. Mara ya tatu vile vile.

— Na wewe, Ami Aidarus?

— Mimi nimesikia gitaa.

— Ya kwanza ndogo, — Dzoro akatangaza. — Ya pili ndogo. Ya tatu kubwa. Na mimi nilikuwa nazitazama kwa macho haya, na sikuona tofauti.

Griffins alimpigia Joab simu, akaiweka wote wasikie.

— Ah, kaka, — Joab alisema, na kelele za makondakta nyuma yake. — Ubongo wao si ni mmoja! Kubwa ina vitufe vingi, ina matundu mengi ya waya, waweza kupanga madoido mengi kwa wakati mmoja. Sauti ni ile ile.

— Mbona uliniambia mwenye masikio ataona tofauti?

— Kaka, mimi ni mfanyabiashara. Nilitaka uchukue kubwa.

Injinia alimtukana Joab kwa heshima, ndani ya simu. Griffins alianza kufarijika, kisha shaka ikamrudia. Watu watano kutosikia tofauti si ushahidi, huenda ni viziwi watano. Ndipo akashika nyuzi kwa kiganja zikanyamaza, akainamisha kichwa.

— Nini hicho kinachovuma?

— Hakuna kitu, — alisema Injinia.

— Kipo. Chini kabisa, mmmm, chatetemeka kidogo. Hamkisikii?

Winchi akageuza sikio lake zuri. Hakuna. Dzoro hakuna. Griffins akainuka, akaufuata uvumi ule kwa kichwa, akaipita spika, akafika mlango wa pili na kusimama mbele ya friji la soda.

— Hili. Laingilia waya wetu. Lichomoe kidogo, Zakariya.

Injinia akalichomoa kwa shingo upande. Na hapo kila mtu kijiweni akasikia kitu kikiondoka, kitu ambacho hawakujua kilikuwepo. Kichochoro kikawa kama kimefutwa vumbi.

— Lo! — alisema Aidarus. — Mwaka mzima limevuma mgongoni pangu.

— Na Truphosa? — Griffins aligeuka. — Lile pipa alilolisikia Truphosa?

Injinia alikuna kichwa.

— Ile amplifaya yako ya zamani si niliifungua Jumatatu? Spika imechanika hapa mpaka hapa. Na wewe husimama nyuma yake, jenereta likikuvumia ubavuni. Ungesikiaje? Wa mbele ndio waliosikia pipa.

— Jumatatu! Mbona hukuniambia?

— Uliniuliza kama yatengenezeka. Nikakujibu haitengenezeki. Hukuuliza jengine.

Griffins alitaka kumkaba. Badala yake akaketi kwenye benchi, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na hakuona haya kuyafuta mbele ya watu. Alhamdulillahi, alisema Aidarus kwa niaba yake, na Griffins, mtoto wa kanisa, akaitikia amina. Kisha akaitia ile mashine ndogo katika mfuko wa gitaa, ikaingia pasina kulazimishwa. Kivukoni atavuka nayo begani, mkono mmoja bure. Kubwa akaifunga vizuri, irudi kwao na basi la saa nane.

— Niliwaambia ndogo, — alisema Injinia.

— Ulisema kwa sababu ya mfuko wa nguo! — Winchi akamrukia.

Dzoro alikuwa ameshashika mikono ya mkokoteni wake. Akasita.

— Samahani, wazee wangu, mimi sikusoma sana. Kama zalia sawasawa, na gitaa lilikuwa hapa, na stima iko hapo, mlikuwa mwabishana nini tangu asubuhi?

Injinia alitafuta methali, hata ya kuvaa kanzu ya mtu, asiipate. Kijiwe kikanyamaza, jambo ambalo halijatokea tangu benchi lile lipigiliwe misumari.

Griffins aliinua kidole, akawaomba wakae hivyo hivyo kidogo tu. Akasikia maji yakidondoka kutoka kwenye kikombe cha Aidarus. Akasikia pumzi ya Winchi, ina mkwaruzo kidogo kifuani. Juu, ghorofa ya tatu ya nyumba ya pili, mtu alikuwa akikuna nazi. Akaacha, akapumzika, akaanza tena. Griffins aliyasikia yote hayo, hata pale pa kupumzika.