Saa za Yirlesa Angani

Mvua ya Quibdó, Kolombia, ilikuwa imekatika alasiri ile, na benchi la mbele ya duka la Wilfrido likajaa watu. Mzee Crisanto alikaa mwishoni, rozari mkononi. Wanawake walikuwa wamemtoa nyumbani ili wapambe altare ya marehemu mkewe, Pastora, kwa mashuka meupe. Usiku huo ulikuwa wa tisa, wa mwisho wa novena ya kumwombea. Wangeimba mpaka alfajiri, kisha altare ingebomolewa na roho ya Pastora ingeaga nyumba. Binti yao pekee, Yirlesa, alikuwa njiani kutoka Madrid. Kama angechelewa, angekuta ukuta mtupu.

— Hachelewi huyo, alisema Kompasi, aliyepewa jina hilo kwa kutokosa jibu hata siku moja. Jana kapanda Madrid saa tisa alasiri, kafika Bogotá saa kumi na mbili na nusu jioni. Si ndivyo alivyokuambia kwa simu, mzee?

— Ndivyo.

— Basi! Saa tatu na nusu tu. Kwa basi la Medellín hapo bado unahesabu kona.

— Acha zako, alisema Wilfrido akimimina kahawa. Ni kilomita elfu nane! Saa za kule ziko mbele ya zetu. Mtoto wa watu kakaa angani zaidi ya saa kumi.

— Na hizo zilizozidi zimekwenda wapi?

— Zimebaki Madrid.

— Kwa hiyo akirudi atazikuta?

Benchi zima likacheka. Buldozi, jitu la miraba minne, akaweka kikombe chini.

— Nyie hamjui kitu. Ndege haiendi popote. Inapaa, inatulia, dunia inazunguka chini yake. Nchi unayoitaka ikifika, rubani anashuka.

— Sasa injini inanguruma ya nini? aliuliza Wilfrido.

— Kuwaridhisha abiria. Nani atakubali kuning'inia kimya?

— Na wa kurudi huku je?

— Anangoja mpaka zamu yetu ifike. Ndiyo maana waliohamia kule hawaonekani.

Yirlesa alikuwa hajaonekana kwa miaka sita. Kompasi akampiga Buldozi kiwiko.

— Samahani, mzee wangu. Mdomo tu huu.

Crisanto alisogeza punje moja ya rozari.

— Usijali, alisema polepole. Mimi hesabu zenu siziwezi. Nimemwomba Mungu tu, nikasema, Bwana, wakati huu mtoto yuko karibu nawe kuliko nami. Mshike.

— Amina, akasema Wilfrido. Ila shida si bahari. Shida ni kutoka Bogotá mpaka hapa. Ndege ya asubuhi imezuiwa na mvua.

— Mvua haizuii ndege! alidakia Kompasi.

— Inazuia!

— Ndege si kuku, bwana!

Wakapigiana kelele mpaka mbwa wa jirani akabweka. Ndipo akatokea Doña Ubertina, kiongozi wa waimbaji, mwavuli kwapani.

— Samahani, wataalamu. Hiyo ndege iliyopita juu ya vichwa vyenu sasa hivi, nani ameenda kuipokea?



Crisanto alikuwa ameshasimama.

— Kompasi, mwanangu, washa pikipiki.

— Lakini mzee, huenda hayumo.

— Sogea mbele kabisa ya kiti, alisema Crisanto akipanda. Tutarudi watatu.