Mama Enesi wa Mihuri Mia Moja Arobaini na Miwili

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Mama Enesi Simwinga anastaafu baada ya miaka ishirini na saba katika Dawati la Wafanyabiashara Wadogo la Umoja wa Wauza Mazao wa hapa mjini Mpemba, karibu na mpaka wa Zambia. Katika muda huo amefanya kazi chini ya wenyeviti sita, wote mahodari wa kuhudhuria semina. Yeye alihudhuria kazini.

Alizaliwa Igamba, Mbozi, katika familia ya wakulima wa kahawa, akamaliza darasa la saba, na mwaka 1998 akaajiriwa kwa sababu mbili ambazo bado zinasomeka kwenye jalada lake: mwandiko safi, na kwamba "anajua Kinyiha, Kinamwanga na Kibemba cha sokoni". Kazi yake ilikuwa kuwaandikia fomu akina mama wanaovusha mazao kwenda Zambia, na kuthibitisha kwa sahihi yake kwamba huyu kweli ni mfanyabiashara mdogo, si tajiri aliyejifunga kitenge. Matajiri waliojifunga vitenge aliwatambua kwa viatu.

Kwa faida ya wageni wetu wasioishi mpakani, tueleze kidogo biashara huria ni kitu gani. Ni mpango mzuri sana ambao nchi jirani zilikubaliana mazao yapite bila ushuru. Na ushuru kweli umeondolewa, tuseme haki. Palipokuwa na ushuru sasa pana kibali, cheti, nakala ya cheti, muhuri wa nakala, na mtu wa kukuambia kwamba mwenye muhuri ameenda kula. Zamani ulilipa ukapita. Sasa hulipi, na hupiti.

Mama Enesi alizoea haya mapema. Ukutani kwake kulikuwa na kibao kimoja cha mbao, upande mmoja kimeandikwa MAHINDI RUKSA, upande wa pili MAHINDI MARUFUKU. Wakubwa wakibadili msimamo, yeye hakupoteza rangi, alikigeuza tu. Kuna wiki moja alikigeuza Jumatatu, akakigeuza Jumatano, na Ijumaa akakining'iniza kwa ubavu.

Sifa yake nyingine ni kwamba alisoma mwongozo. Kila semina ya biashara huria iligawa kijitabu chenye picha ya watu wakipeana mikono. Vijitabu hivyo vilifika kwa jirani zetu wa Chapwa kwa wingi, na maandazi ya Chapwa yalifungiwa humo kwa miaka. Katika Umoja mzima ni mtu mmoja aliyekisoma mpaka mwisho, na alipigia mistari kwa penseli.

Hilo likatufaa miaka sita iliyopita, kwa ajili ya Ferista.

Ferista ni mjane wa Chapwa mwenye bustani ya nyanya bondeni. Mwaka ule alijaza lori la Fuso matenga mia moja na sitini, mavuno yake yote ya msimu, akafika mpakani Jumanne asubuhi. Mnunuzi wake, Marita wa Nakonde, upande wa Zambia, alikuwa anamsubiri umbali ambao ukirusha jiwe linafika. Ferista alikuwa na cheti cha afya ya mimea. Kibali cha kuingiza, ambacho hutoka upande wa pili, kilikuwa njiani. Kikafika Alhamisi. Kwenye Dirisha la Tano afisa akavaa miwani, akasoma, akatoa hukumu: kibali ni kizuri, ila cheti kimekwisha muda jana. Akate kingine. Na kukata kingine kunachukua siku tatu, ambazo zikipita na kibali nacho kitakuwa kimekwisha.

Wakati huo chini ya Fuso palikuwa pameanza kudondoka maji mekundu, na nzi walivuka mpaka bila kuulizwa kitu.

Ferista alikuja dawatini akiwa ameshika kanga yake mkononi kama mtu aliyetoka msibani. Shemeji yake, Osward, alishamtamkia wazi kwamba msimu huo ukiharibika, bonde la marehemu linageuzwa la kufyatulia matofali. "Dada Enesi," alisema, "hizi nyanya zikilala hapa leo, mimi kesho sina shamba."

Mama Enesi alifungua kijitabu, akasoma, akakifunga. Kisha akasema neno moja: "Teremsha."

Kijitabu kilisema kwamba mfanyabiashara mdogo anayevusha mzigo wake mwenyewe, akiubeba mwenyewe, na nyanya zimo kwenye orodha, hahitaji kibali wala foleni ya malori. Anahitaji fomu ya ukurasa mmoja na muhuri. Lori la nyanya haliruhusiwi. Tenga la nyanya linaruhusiwa. Ajabu ni kwamba lori lile lilijaa matenga matupu, tunamaanisha matenga tu, na hakuna mkubwa aliyekuwa ameliona hilo.

Yaliyooza yalitolewa, yakabaki mia moja arobaini na mawili. Wito ukapita sokoni, na akina mama wakaja na kata zao za kichwani na vibali vyao vya ujirani, vile vya mtu kuvuka mpaka na kurudi siku hiyo hiyo. Kila mmoja aliuziwa tenga lake na Ferista, naye angemuuzia Marita ng'ambo. Mama Enesi akaanza kuandika. Mtu mmoja, tenga moja, fomu moja. Hapo hakutaka mzaha. Bi Tupokigwe alipovusha la kwanza akarudi kupanga mstari amebadili kilemba, aliambiwa, "Tupokigwe, mama, kilemba ni kipya lakini meno ni yale yale. Toka." Watu walipopungua, iliitwa kwaya ya kanisa la jirani iliyokuwa kwenye mazoezi. Walikuja na sare zao za zambarau, sauti ya kwanza mpaka ya nne, kila mmoja na tenga. Upande wa Nakonde watu walivua kofia wakidhani ni mazishi ya mtu mkubwa.

Na sasa mtazame afisa wa Dirisha la Tano. Mtu huyu alikuwa amekataa kugonga muhuri mmoja. Mbele yake palikuwa na mstari uliozunguka hadi kwenye kibanda cha chipsi.

"Mama Enesi," alilalamika kwenye fomu ya arobaini, "hii ni mbinu."

"Hapana, baba. Hii ni biashara huria. Ukurasa wa kumi na tisa."

"Lakini hizi zote ni za lori moja!"

"Lori liko wapi? Mimi naona akina mama."

Ilipofika ya themanini alibadili mkono. Nyuma huko akina mama wakamtia moyo. "Gonga, mwanangu, ndio kazi uliyosomeshewa!" "Mpeni maji, huyu hajazoea!" Alimaliza muhuri wa mia moja arobaini na mbili jua likiwa bado juu, na jioni ile Marita alimtumia Ferista ujumbe wa maneno matatu, la mwisho likiwa la heshima kwa Kibemba: "Zimefika zote, mukwai." Bonde halikufyatuliwa tofali hata moja.

Jumatatu yake Mama Enesi alipokea barua kutoka kwa uongozi wa Umoja, akitakiwa kujieleza kwa "kuvuruga utaratibu wa mpaka". Alijibu kwa mstari mmoja: "Nilifuata mwongozo mliotugawia; naomba radhi kwa kuusoma." Hakupandishwa cheo mwaka ule, wala mitano iliyofuata.

Miezi minne baadaye ilifanyika semina Vwawa, hotelini, yenye chakula cha mchana na begi. Tukio lile lilioneshwa ukutani kama mafanikio: wanawake wajasiriamali mia moja arobaini na wawili wawezeshwa kwa siku moja. Picha ilikuwa ya afisa wa Dirisha la Tano, akitabasamu, muhuri mkononi. Alipewa cheti. Mama Enesi alipewa orodha ya majina ya kuhakiki posho.

Nafasi yake tumeambiwa itajazwa baada ya mchakato. Wanaojua mchakato wetu wamekwisha kuanza kutembea na chakula.

Na hapa tunaomba waalikwa watuvumilie kidogo. Tunapochapa ratiba hii ya sherehe ya kumuaga, Alhamisi jioni, Ferista yuko mpakani tangu jana na matenga mia mbili. Dereva wake siku hizi ni yule yule shemeji Osward. Kibali kimefika, cheti kimekwisha. Sahihi ya Mama Enesi ina nguvu mpaka Ijumaa saa tisa na nusu alasiri, baada ya hapo hakuna mwenye kuthibitisha fomu. Sherehe yetu inaanza saa nane, na mgeni rasmi amepangiwa dakika arobaini na tano kuzungumzia faida za soko huria kwa mkulima. Tulimwomba afupishe. Amejibu kwamba amekwisha kufupisha.

Kwa hiyo kiti cha mbele mkikiona kitupu, msimtafute mstaafu.

Mama Enesi, asante kwa miaka yote uliyotuandikia. Mungu akupe afya, kahawa ya Igamba izae, na wajukuu wakusumbue vya kutosha. Andika mpaka fomu ya mwisho, sherehe isikuharakishe. Ukimaliza pitia ukumbini. Tutakuwa bado tunasikiliza hotuba.