Nani Kakutuma?

Basi lilipotoka kituo cha Hamriya, bibi aliyekaa mbele yangu alimwonyesha kijana asiyemjua simu yake. Alikuwa ametuma kwenye kundi la ukoo video inayosema mbegu za habbasoda zinaponya sukari, na mjukuu wake Hadeel akamjibu kwa neno moja la Kiingereza: *debunked*. "Hili tusi, mwanangu?"

"Si tusi, bibi. Maana yake uwongo umeanikwa. Kuna wilaya ya Marekani inayoitwa Buncombe. Mbunge wake alipayuka bungeni, akaambiwa anyamaze, akasema anawasemea watu wa Buncombe. Tangu hapo upuuzi ukapewa jina hilo, likafupishwa kuwa *bunk*, na *debunk* ni kuuondoa."

"Na wewe nani kakwambia?"

"Nimesoma kwenye simu."

"Ahaa! Simu yako ndo mkweli, yangu mwongo."

Kijana akauliza kwa upole, "Lakini vidonge vya hospitali unameza, bibi?"

Bibi alimtazama kama anayenusa samaki wa jana. "Nnakuuliza, nani kakutuma? Hadeel?"

Basi likasimama kituo cha Darsait, bibi akashuka na mfuko wake wa habbasoda. Kijana ndiye aliyekuwa amebonyeza kengele, ingawa bibi hakumwambia anashukia wapi, na mwenyewe hakuinuka.