Walikemea Pepo ya Hasira, Kumbe Ni Mikunjo ya Uso

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Nimesikia wa mbele tu. Na wa nyuma, Bwana asifiwe! Asanteni. Mi ni Mama Ombeni, ninakaa mutaa wa Bwiza, nakaanga mandazi asubuhi mbele ya nyumba na kuyauza pale pale. Leo sikuja kulia. Nimekuja kuwaonyesha uso wangu.

Ndugu zangu, mi sijui kuimba. Kwaya walinijaribu, wakanirudisha kwa upole. Kusoma Neno mbele ya watu, ninatetemeka. Lakini kusema "karibu" ninajua! Ndiyo maana nilipewa kazi ya protokole, kusimama mulangoni Jumapili na kupokea wageni, na ninaipenda kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Mutu anafika amechoka na wiki yake, unamushika mukono, unamuonyesha kiti. Raha gani hiyo!

Shida ilianza kidogo kidogo. Wageni wanafika, wananitazama, wanapita pembeni kama wamekanyaga kitu cha mutu. Wasichana fulani kutoka Cibitoke walimuuliza Papa Elie, mukubwa wetu wa protokole, kama yule mama wa mulangoni amefiwa au amegombana na bwana yake. Mi nimegombana na nani? Moyoni nilikuwa ninacheka! Lakini hapa, kati ya nyusi, palikuwa na mikunjo miwili mirefu imesimama, na paji lote limejikunja. Nikitabasamu kwa mudomo, huku juu bado ni vita.

Papa Elie alinipeleka kwa kikundi cha maombi. Wapendwa, mupo hapa, siwasemi vibaya, mulifanya kwa upendo. Waliniwekea mikono, wakaikemea roho ya hasira itoke. Tukafunga, tukarudia. Mama mumoja alikuwa ananichungulia baada ya kila "amina" aone kama paji limenyooka. Wapi! Wakasema pepo hii ni ya kichwa kigumu. Mwishoni Papa Elie akaniambia polepole, macho chini, kwamba niende kwanza jikoni kuosha vikombe, mulangoni atasimama mwingine. Siku ile nililia, ndugu zangu. Niliosha vikombe huku ninasikia wageni wanaingia, na si mi ninayewapokea. Nikaanza kujiuliza kama kweli ndani yangu kuna kitu kibaya nisichokijua.

Lakini Mungu hakuniacha! Mama muchungaji aliingia jikoni kutafuta chai, akanikuta ninacheka na wenzangu mpaka ninashika mbavu. Akasimama, akanitazama sana.

"Mama Ombeni," akasema, "unacheka kweli, na paji bado limekasirika. Hiyo si pepo. Hiyo ni ngozi."

Yeye mwenyewe akanipeleka kwa dokta wa ngozi, mama mumoja mpole mwenye kabine, chumba chake cha kutibia, karibu na mutaa wa Asiatique.

Dokta aliniuliza ninakaa wapi nikiuza. Nikamwambia: mbele ya mbabula, jiko langu la makaa, moshi machoni, jua usoni. Akanionyesha karatasi ukutani nisome. Mpaka nikunje uso ndipo nione herufi. Akanipa kioo nijione. Akanieleza kwamba umri ukienda, ngozi inakuwa nyembamba na kavu, inapoteza ile nguvu ya kujivuta na kurudi. Jua na moshi vinaiharakisha, hata sisi weusi, ingawa ngozi yetu inajikinga zaidi. Na mi kila siku nilikuwa ninakaza musuli ule ule kati ya nyusi. Zamani mukunjo uliondoka nikitulia. Sasa ulikuwa umehamia pale.

Basi nikapimwa macho, nikapata miwani. Mbabula nikaihamishia kivulini, nikavaa kofia kubwa ambayo Bwiza yote wanaicheka. Asubuhi krimu ya kukinga jua. Usiku krimu nyingine, kidogo tu kama punje ya harage, ya kusaidia ngozi ijijenge. Alinionya kwamba mwanzoni itawasha na kubanduka, na kweli ikabanduka. Zile pomade za kuchubua ngozi iwe nyeupe akanikataza kabisa. Mwisho akaniambia kuna sindano ndogo za kulegeza ule musuli. Hapo niliogopa! Akasema nguvu yake inaisha baada ya miezi kadhaa, si kila mutu anafaa kuchomwa, na anayechoma awe dokta aliyesomea, si mutu wa saluni. Nikamuuliza kama nitarudi kuwa na miaka makumi mbili.

Akajibu: "Apana, mama. Utabaki na miaka yako, ila hutaonekana umekasirika."

Nikakubali, nikafumba macho, akanichoma. Siku chache tu, paji likaanza kulegea! Mikunjo haikufutika yote, mukija karibu mutaiona. Lakini ule uso wa vita uliisha. Baba Ombeni, bwana yangu, aliona uso umetulia hivi wakati wa kula, akauliza ninataka kumuomba nini.

Papa Elie akanirudisha mulangoni, kwa kujaribu, alisema. Jumapili ile mama mumoja mwenye mutoto mugongoni alisimama ng'ambo ya barabara. Anatazama kanisa, anageuka aondoke, anatazama tena. Nikamuangalia, nikatabasamu. Akavuka. Nilipomushika mukono, macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Nilikuwa naenda zangu," akaniambia. "Lakini nikaona mutu amefurahi kuniona."

Ndugu zangu, furaha ile ilikuwa ndani yangu miaka yote. Ilikosa tu pa kutokea!

Ninamushukuru Mungu aliyeniumba, na aliyemupa dokta akili. Wewe unayebeba jambo watu wasilolielewa, usijihukumu. Mutegemee Mungu, omba, na wakikuambia uende kwa dokta, nenda. Mungu yuko na huko. Yule mama ameketi pale, mutoto amelala begani. Na kama kuna mwingine amesimama nje anasita, mumwambie avuke. Niko mulangoni, ninamungoja. Amina!