Kijumba Kisichopigwa Hodi

Wapendwa wa jumuiya, amani iwe kwenu. Nyie wote mnanijua, mimi ni fundi mwashi, na nusu ya nyumba zenu hapa Mwese nimejenga mimi. Zile zenye nyufa pia ni zangu, msinitazame hivyo.

Mke wangu alipofariki, niliogopa ukimya. Ndugu zangu, nawaambia, nyumba ikinyamaza nilikuwa namsikia alivyoniita siku ile ya mwisho ya uhai wake, nami nilikuwa kilabuni kwenye pombe. Basi nikahamia kilabuni kabisa. Nyumbani narudi kama mwizi, hata hodi sipigi, wanangu wakiniona wanatorokea mlango wa uani.

Katekista wetu ndiye aliyenifuata. "Fundi, jumuiya inataka kijumba kule mlimani, mtu apate pa kukaa peke yake na Mungu. Ujenge wewe, na wewe ndiye utakayeanza kukaa." Kazi niliikubali. Hilo la kukaa nilijifanya sijalisikia.

Nikachora ramani chini kwa kijiti: chumba, sebule, na baraza lenye mabenchi mawili. Si mgeni akija atahitaji pa kukaa? Mama mkwe akapita, akageukia pembeni kama ilivyo desturi ya wakwe kutotazamana, akasema bila kunitazama, "Baba, wageni umewapangia vizuri. Sasa wewe na Mungu wako mtakaa wapi?" Nikafuta ramani yote kwa mguu, kwa hasira. Lakini alikuwa amenipata.

Nikajenga chumba kimoja, upana wa mikeka miwili. Msingi wa mawe ya palepale. Matofali mabichi, maana kuyachoma kungemaliza miti ya mlima. Juu nyasi, nikazishusha sana ili mvua isile ukuta. Dirisha moja tu, linaangalia bondeni.

Siku ya kuanza nilipanda asubuhi. Kufika mlangoni, mdomo ukasema wenyewe, "Hodi!" Nikasimama, nangoja. Nangoja nini? Nyumba nimejenga mimi, ndani hamna mtu! Miaka yote aliyekuwa ananiitikia ni mke wangu. Nikakaa chini palepale nikalia, nikamwambia kwa sauti, "Nisamehe, uliniita sikuja." Nilikaa siku tatu. Ule ukimya haukuniua, na kilabuni sijarudi.

Asante katekista. Asante mama mkwe, najua hata sasa umenipa mgongo, lakini unanisikia. Asanteni kina mama mliokata nyasi za paa na kuwalisha wanangu nilipokuwa sijiwezi. Mungu awatunze.

Nilichojifunza ni hiki: nilipoukimbia ukimya, niliwakimbia na watoto niliobakiwa nao. Mwenye uchungu na apande kule. Ukikuta mlango umefungwa, tafadhali usipige hodi. Benchi moja nililiweka kule chini njiani, kaa umsubiri mwenzako.

Mimi hodi napiga nyumbani kwangu. Jana nilipiga, na yule mdogo wa mwisho akaitika kutoka jikoni, "Karibu, baba."