Aliyekataa Kiti: Maisha ya Mama Agata Bamurange (1958–2016)

Mpendwa wetu Agata Bamurange alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Minembwe, katika milima ya Kivu Kusini, Kongo, akiwa kifungua mimba wa mzee Karaha, mfugaji. Mimi ninayesoma, Ruhimbika wa Okolona, Louisville, ndimi kitinda mimba. Alinibeba mgongoni, na hakuacha kunikumbusha hadi mwezi uliopita. Anayeuliza kwa nini baridi ya Buffalo haikumtisha, ajue kwamba alikulia mahali ambapo asubuhi vidole hufa ganzi.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hadi darasa la sita. Sekondari ilikuwa mbali na hapakuwa na njia. Jambo hilo lilimuuma, ndiyo maana hakuna mtoto wake aliyethubutu kuacha shule.

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa na shemeji yetu Gakunzi, mtu mpole aliyefaulu kuishi naye miaka yote hiyo kwa kukubali haraka. Mungu akawajalia Rwema, Clémence na Teta. Vita viliwakimbiza hadi Burundi mwaka 2004, na Novemba 2007 wakafika hapa Marekani, mjini Buffalo, mtaa wa East Side. Hapo dada alifanya kazi katika nyumba ya wazee, akiwaogesha, akiwageuza kitandani, akiwaimbia nyimbo za kwetu wasizozielewa.

Kisha Rwema akahamia Columbus kufuata kazi ya ghala, na Clémence akaolewa Louisville. Dada akaanza kuogopa kitu kimoja: kwamba vita havikuweza kuutawanya ukoo wetu, lakini kazi na barabara ndefu zitauweza.

Dawa aliipata mahali ambapo hakuna aliyetarajia. Ijumaa, tarehe 16 Januari 2009, Teta alikuwa anakwenda kucheza skii, yaani kuteleza kwenye theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni, na wanafunzi wenzake kwenye vilima vya kusini mwa Buffalo. Mama yake akapanda nao basi la shule, nia yake ikiwa kumrudisha mtoto nyumbani kabla hajavunjika mguu. Alipomwona anateremka huku anacheka, akaiacha nia hiyo. Kisha akaomba naye apewe skii, akakunja kitambaa chake cha kichwa kuwa kata, akajitwika, akaanza kupanda kwa miguu kando ya mteremko. Juu yake viti vilipita vikining'inia kwenye waya, vimejaa vijana.

"Mama, please, panda kiti! Everybody does!" Teta alimwita.

"Kiti ni ya wagonjwa," akajibu. "Miye niko mgonjwa? Bon, uniache nipande."

Watu wa milimani mnamwelewa. Kwetu anayebebwa kupandishwa mlima ni mgonjwa aliye kwenye machela, majirani wakipokezana mabega. Mzima atabebwaje? Dada alifika juu akihema, akateremka kwa makalio zaidi kuliko kwa skii, akasimama, akajipangusa, akatangaza kwamba Februari inayofuata ukoo mzima utakuja.

Na tukaja. Mwaka mmoja Buffalo, mwingine Bellefontaine, karibu na Columbus, mwingine Paoli, ng'ambo ya mto kutoka kwetu Louisville. Marafiki wa kanisani wakajiunga. Wapo walionung'unika kwamba mama wa kanisa amevaa suruali. Akafunga kitenge juu yake, na mwaka uliofuata walionung'unika walikuja na vitenge vyao. Gakunzi alilinda chupa za chai ya maziwa, nami nikamsaidia kuzilinda. Dada alijifunza kuteremka vizuri kuliko wajukuu, lakini kupanda, alipanda kwa miguu yake tu.

Agosti 2015 madaktari waligundua saratani ya kongosho. Nguvu zilipungua, sauti haikupungua. Aliomba jambo moja, kuteremka mara nyingine tena pamoja na watu wake wote, nasi tuliogopa kwamba Februari haitamkuta. Ilimkuta. Jumamosi, tarehe 20 Februari 2016, magari yaliwasili kutoka Columbus na Louisville. Akatembea hadi chini ya mlima akimshikilia Teta, akatazama juu, na miguu ikakataa. Rwema akataka kumrudisha ndani.

"Mwanangu, leo niko mgonjwa," akamwambia. "Donc leo kiti ni yangu."

Akaketi, kitenge kikipepea, akatupungia mkono kama bibi harusi. Akateremka polepole, Rwema kulia, Teta kushoto, Clémence na wajukuu nyuma yao kama ndama. Hakuanguka! Tulipiga vigelegele mpaka wafanyakazi wa pale wakatoka nje kutazama. Mimi nililia bila aibu.

Alilala katika Bwana tarehe 9 Aprili 2016, nyumbani kwake, Gakunzi akiwa amemshika mkono. Ameacha mume, watoto Rwema, Clémence na Teta, wakwe, wajukuu saba, kanisa lililojifunza skii, na mdogo wake huyu ambaye Februari ijayo atavaa skii kwa mara ya kwanza, Mungu amhurumie.

Ndugu zangu, hapa Lackawanna, jirani na Buffalo, kaburi lake liko juu kidogo, pale kwenye mwinuko. Gari lingeweza kumfikisha, tumelikataa. Tutambeba mabegani, tukipokezana kama kwetu, kwa kuwa ruhusa alishatupa mwenyewe. Dada Agata, leo tukubebe sisi. Juu umefika, pumzika kwa amani.