Tita la Ndago

MARIJANI: Haloo, Ofisi ya Upimaji hapa. Nani mwenzangu?

MWANAHERI: Mie.

MARIJANI: Mie nani? Sema kwa nguvu, simu inakwaruza.

MWANAHERI: Dada yako, Marijani. Kwani una wangapi?

MARIJANI: Aa, dada Mwanaheri. Shikamoo.

MWANAHERI: Marahaba.

MARIJANI: Umeipata wapi simu huko Mtoni?

MWANAHERI: Nimo dukani kwa Mhindi, hapa Temeke. Kaniazima kidogo tu, ananitazama. Na hiyo ya mezani kwako walikupa lini?

MARIJANI: Mwezi huu. Walinipandisha —

MWANAHERI: Nimesikia. Hongera.

MARIJANI: Nilikuwa nije Ijumaa niwaeleze vizuri. Watoto hawajambo?

MWANAHERI: Wanauliza vile vigingi ni vya nini. Kimoja kimepigiliwa mlangoni pa jiko.

MARIJANI: Wapimaji wameshafika? Niliwaambia wangoje kwanza —

MWANAHERI: Sikupiga kuuliza vigingi. Juzi barazani, mbele ya yule Mzungu, Bwana Shauri wa wilaya, uliweka tita la ndago mezani ukasema limekatwa shambani kwa marehemu mama.

MARIJANI: Nilisema eneo lile —

MWANAHERI: Ulisema shambani. Ukasema pakiota ndago hii, chini ni maji mwaka mzima, kwa hiyo pale ni bwawa, hapana shamba wala mwenyewe. Nilikuwa nimekaa nyuma na wanawake wenzangu.

MARIJANI: Nilikuona.

MWANAHERI: Uliniona. Na mie nililiona fundo.

MARIJANI: Fundo gani?

MWANAHERI: La mama. Ncha inapitishwa chini, inarudishwa ndani, na haifunguki mpaka uivute kwa upande wa kushoto. Mtoni nzima nimebaki mie tu ninayefunga hivyo. Wewe hukuliweza tangu mdogo.

MARIJANI: [simu inakwaruza] Dada, sikusikii vizuri —

MWANAHERI: Unanisikia. Lile tita nililikata mie, bondeni Kizinga, maji yananifika kiunoni. Ulikuja ukasema unataka kumwonesha bwana wako jinsi tunavyochagua majani ya mikeka.

MARIJANI: Na kweli nilimwonesha.

MWANAHERI: Nikakuchagulia yaliyonyooka. Nilifurahi, Marijani. Nikasema ndugu yangu kavaa suruali ya karani na bado haionei haya kazi ya mama yake.

MARIJANI: Lakini hata kwako ndago imo. Kule nyuma kwenye mihogo, si unaipalilia kila mvua ikinyesha?

MWANAHERI: Ndago ya shambani ile. Haifiki gotini, chini ina viazi vidogo kama shanga, inaota hata kwenye changarawe. Uliyoweka mezani imenipita kimo. Mzungu wako hajui, si kosa lake. Wewe ulifundishwa umefungwa macho.

MARIJANI: Hayo ya utotoni, dada —

MWANAHERI: Mama alikuwa akitufunga kitambaa usoni, anatutia shina mkononi. Lenye vifundo, hizo ni nyasi, za mbuzi au za kuezekea. La duara, laini toka chini mpaka juu, liache, litakatikia mkekani. Lenye kingo tatu ndilo letu. Na likiwa refu na nene, basi aliyelikata katoka majini. Nani alikuwa hakosei?

MARIJANI: Dada, hapa niko kazini —

MWANAHERI: Nani?

MARIJANI: Mie.

MWANAHERI: Basi.

MARIJANI: Dada, sikiliza. Kuna kampuni inapataka pale, wajenge godauni. Wangepachukua tu. Mie nikikataa analetwa mwingine —

MWANAHERI: Mwingine angekuta ukoka na mihogo, angesema ukoka na mihogo. Tungehamishwa kama watu wenye shamba, tukapewa pengine. Sasa sie ni watu waliojenga bwawani. Tunatoka mikono mitupu.

MARIJANI: Hamtalala nje. Nyumba niliyopewa Ilala ina chumba cha uani.

MWANAHERI: Kumbe umepewa na nyumba.

MARIJANI: Inakwenda na cheo.

MWANAHERI: Na mama? Kaburi liko pale mbele, juu ya ukoka, kila apitaye analiona. Bwana Shauri alipokuja kukagua mlimpitisha wapi asilione?

MARIJANI: Kwa nyuma, kwenye mfereji. Ndiyo njia iliyokuwa karibu na —

MWANAHERI: Mh.

MARIJANI: Lakini la mama nimeshalishughulikia, usihangaike. Nilizungumza na Mwalimu Mwishehe wa msikitini, kasema inajuzu kumhamisha. Mahali pamepatikana Chang'ombe. Mwezi wa Rajabu tulikwenda naye kupaangalia, pazuri, pana kivuli.

MWANAHERI: Rajabu.

MARIJANI: Ee. Mwanzoni mwa —

MWANAHERI: Tita ulikuja kulichukua mwezi huu wa Shaabani. Mwezi mzima baadaye.

MARIJANI: Dada —

MWANAHERI: Tangu juzi najidanganya. Nasema labda walimtisha. Labda alichanganyikiwa mbele ya wakubwa akashika lililokuwa karibu. Ndiyo maana nilinyamaza pale, nikijua nikifungua mdomo utatoka na pingu. Kumbe siku ile unakula samaki wangu, umekaa juu ya mkeka wangu unanitazama ninavyokufungia, mama umeshamtafutia kaburi jingine.

MARIJANI: Nilikuwa nawatafutia — [kelele za simu] Haloo? Haloo, dada?

MWANAHERI: Nipo.

MARIJANI: Nisamehe.

MWANAHERI: Imeniuma, Marijani. Mtu baki angenifanyia hivi ningejua pa kumweka. Wewe sina pa kukuweka.

MARIJANI: Nije leo jioni tuzungumze. Tutapata njia.

MWANAHERI: Usije. Kesho naenda kwa Bwana Shauri. Nachukua shina la bondeni na shina la kwetu, namwomba afumbe macho ashike. Halafu atoe lile tita. Makarani wake wajaribu kulifungua bila kisu, wakishindwa nitalifungua mie.

MARIJANI: Dada, watanifukuza kazi. Watanifunga. Uongo mbele ya baraza ni jela.

MWANAHERI: Najua.

MARIJANI: Mie mtoto wa mama yako.

MWANAHERI: Ndiyo maana nimekupigia, usije ukasikia kwa wengine. Ngoja... ndiyo, bwana, namaliza. Mwenye duka anataka simu yake.

MARIJANI: Usikate. Nipe siku moja, mie mwenyewe nita —

MWANAHERI: Ramadhani imeshafika mlangoni. Wakikuweka ndani, nitakuletea uji wa kufuturu. Ule wa pilipili manga, kama unavyoupenda.

MARIJANI: Dada, tafadhali —

MWANAHERI: Haya, mdogo wangu. Kwaheri.

MARIJANI: Dada? ... Haloo?